Ampli ya Komanda

Tata, baba yangu, alikuwa haoni, na watu wa mtaa wetu wa Musonoi hawakujua.

Ilikuwa siri yetu wawili. Alikuwa ametumia ujana wake wote katika karakana ya simu ya mgodi, akipanda nguzo na kufungua masanduku ya nyaya, na alipostaafu aliweka meza barazani kwetu akaanza kutengeneza redio. Ukungu ulianza kumwingia machoni mwaka ule mama yangu alipofariki. Kwanza alisema taa za kampuni zimepungua nguvu. Kisha akasema miwani imechoka. Mwishowe akaacha kusema. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nina miaka ishirini na sita na sina kazi. Asubuhi moja akaniita mezani, akaniwekea kiganjani kipande kidogo chenye mistari ya rangi.

"Mama, hii iko na rangi gani?"

Aliniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nikamjibu: kahawia, nyeusi, chungwa. Akatikisa kichwa, akanitajia kipimo chake, akaninyooshea mkono nimpe kingine. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi.

Mteja akija alimkuta Tata ameketi wima nyuma ya meza, miwani puani, bisibisi mkononi. Tata alizungumza naye, akaitikisa redio karibu na sikio, akanusa matundu yake, akamwambia arudi kesho kutwa. Mteja akishaondoka, redio ilihamia upande wangu. Mwaka wa kwanza nilimuuliza kila kitu. Mwaka wa tatu nilimuuliza mambo machache tu, lakini mbele za watu nilibaki kuwa binti anayemshikia baba yake taa. Alitaka hivyo. Alisema hakuna mtu anayepeleka redio yake kwa kipofu, wala kwa mwanamke. Nadhani la mwanamke aliliongeza tu. La kwanza ndilo lililokuwa likimuumiza.

Siku moja ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi tangu enzi za kampuni kugawa chakula siku hiyo, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba yetu. Ilikuwa miaka michache tu baada ya vita, na mtaa ulikuwa bado na tabia ya kunyamaza gari lisilojulikana likizima injini. Jirani aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga. Nikamwona komanda wa askari wa Kolwezi akishuka, amevaa suti ya abakosi ya bluu iliyopigwa pasi vizuri, na nyuma yake dereva wake amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo.

Dereva nilimfahamu. Alikuwa mtu wa Kasai, mfupi, mpole, aliyeimba sauti ya chini katika kwaya ya parokia yetu. Siku hiyo hakunisalimu. Aliweka mzigo mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama mikono mgongoni.

"Sitwayen," Komanda alimwambia Tata, kwa lile neno la serikali la kumwita mtu mwananchi, "hii ampli ya motokari inaimba upande moja tu. Upande ya kushoto imekufa."

Tata aliifungua taulo. Lilikuwa sanduku la kukuza sauti, la chuma, ukubwa wa tofali, lenye mapezi ya kupozea joto mgongoni. Vidole vyake vilipita juu ya mapezi, vikashuka kwenye matundu ya nyaya, kisha akaliinua hadi puani.

"Imeungua," alisema.

"Hiyo najua. Nauliza kama itapona."

"Itapona, komanda. Mutupe siku."

"Siku hakuna. Kesho kutwa, siku ya kwanza, mukubwa anatoka Kinshasa. Motokari yangu njo itatangulia bachezaji ya animasyo, kutoka bariera mpaka mjini, na bispika juu. Watacheza mbele yake. Muziki ikikatika pale, unajua nini inamupata mwenye muziki?"

Tata aliikunja ile taulo.

"Kuko mutu moja mjini aliitengeneza kabla yako. Ilifanya siku mbili, ikakufa tena, upande ileile. Ye iko amefungwa kwenye kasho mpaka leo." Akatoa mfukoni kijitabu kilichokunjwa. "Soma hapa. Karatasi yake ilikuja nayo."

Nilimwona Tata akinyoosha mkono kuelekea sauti, akakipata kijitabu, akakifungua, akakisogeza mbele ya miwani kwa umbali mzuri kabisa. Alikuwa amekishika kichwa chini. Komanda alikuwa akimtazama jirani aliyeacha kutwanga, lakini dereva alikuwa akitazama kijitabu. Aliangalia kijitabu, akaniangalia mimi, akayashusha macho yake kwenye viatu.

"Nitaisoma vizuri nikishaifungua," Tata alisema, akakikunja.

"Kesho saa kumi dereva atakuja kuichukua," Komanda alisema. Alipofika kwenye gari aligeuka. "Saa kumi, muzee."

Gari lilipopotea, Tata alibaki ameketi hivyohivyo. Kisha akalisukuma sanduku upande wangu.

Niliondoa skrubu nane. Ndani kulikuwa na harufu ya varnishi iliyoungua. Upande wa kulia ulikuwa msafi kama umetoka dukani jana. Upande wa kushoto, transista mbili kubwa zilizofungwa kwenye bamba la kupozea zilikuwa zimepasuka, moja ikiwa na ufa ulioonekana hata bila taa, na vipande viwili vya karibu yake vilikuwa vimegeuka makaa. Nilimweleza Tata kila nilichoona, polepole, kama tulivyozoea. Nikapima kwa mita, nikamsomea sindano ilikosimama. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Vingine vyote bizima?"

"Bizima, Tata."

"Basi ni zile mbili njo zilikufa, na zilivuta wenzao. Tafuta zingine za namba ile."

Za namba ile tulikuwa hatuna. Nilipekua makopo yote ya vipuri, yale ya maziwa na yale ya kahawa, nikamwaga hata lile kubwa la takataka. Kila nilichokipata kilikuwa kidogo mno. Mchana ulikuwa umeshaanza kuondoka nilipomsikia Tata akisema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fungua ya mi."

Ya kwake ilikuwa ampli aliyoijenga mwenyewe, akiwa bado anaona, kwa vipuri alivyokusanya miaka mingi. Ilikaa chumbani kwake juu ya kabati, imeunganishwa na sahani ya santuri. Tangu macho yaondoke, hiyo ndiyo iliyokuwa jioni yake. Nikamwambia kwamba tunaweza kutuma mtu Lubumbashi. Akauliza ni gari gani linakwenda Lubumbashi na kurudi kabla ya kesho saa kumi. Nikaenda kuileta.

Transista zake hazikuwa na namba ileile, lakini zilikuwa za ukoo mmoja na zilivumilia mzigo mkubwa zaidi. Nilizing'oa, nikazisafisha miguu, nikaweka vipande vya mika, visivyopitisha umeme, vinavyozitenga na bamba, nikafunga skrubu, nikalehemu pamoja na vipande vipya badala ya vile viwili vilivyoungua. Jasho lilinidondoka hata juu ya meza. Sikutaka jua lituache kabla sijajaribu.

Jaribio letu lilikuwa hivi. Tulikuwa na betri ya gari, na kati ya betri na kitu tunachokijaribu tuliweka taa ya breki. Kitu kikiwa kizima, taa huwaka kidogo kisha hufifia. Kikiwa na kosa ndani, taa huwaka kabisa, na taa ndiyo inayobeba ule moto badala ya transista kuungua. Tata alinifundisha hivyo siku ya kwanza.

Niliunganisha waya wa mwisho. Taa ikawaka, nyeupe, kali, haikufifia.

"Imefifia?" Tata aliuliza.

Nikavuta waya. "Hapana."

Nilipima tena kila mahali, nikaona transista zingali nzima, vipande vipya vizima, lakini umeme ulikuwa unapita mahali ambapo haukupaswa kupita. Nilirudia mara tatu. Macho yalianza kuniuma na mistari ya rangi ikaanza kuchanganyikana. Nilitaka kulia, na nilijua kwamba nikilia atasikia.

"Ondoa zile transista kwenye bamba," Tata alisema. "Unipe bamba peke yake."

Nikampa. Alilipitishia kidole polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto mwenye homa, akazunguka tundu la kwanza la skrubu, akaenda la pili. Hapo akasimama. Akarudi. Akanishika kidole changu akakiweka pale.

"Unasikia?"

Nilisikia. Kwenye ukingo wa tundu kulikuwa na mwiba mdogo wa chuma, mdogo kuliko chembe ya chumvi. Nilikuwa nimeupita kwa macho mara kumi. Nilipokaza skrubu, ule mwiba ulitoboa mika, na transista ikagusa bamba. Kosa halikuwa la ampli. Lilikuwa langu, la haraka yangu.

Nikaupiga msasa. Mika nyingine hatukuwa nayo, kwa hiyo niliivunja pasi ya umeme iliyokufa, nikatoa bamba la mika lililokuwa likishikilia waya wa moto, nikalikata kwa mkasi kwa kufuata umbo la transista. Nikafunga tena. Mwanga uliobaki ulikuwa mwekundu ukutani nilipounganisha betri. Taa iliwaka, ikashtuka, ikafifia hadi ikabaki kama kaa la sigara.

"Imefifia," nilimwambia kabla hajauliza. Akatoa pumzi ndefu, akaivua miwani yake, akaifuta ingawa haikuwa na kazi.

Tulipoiunganisha na spika, ikaimba pande zote mbili. Lakini sikulala vizuri. Mtu aliye kasho alikuwa ameitengeneza, nayo ilikuwa imekufa upande uleule baada ya siku mbili. Alikuwa amekosea nini? Asubuhi ya Jumapili, siku ya Mungu, kabla ya misa, nilikifungua kile kijitabu na kukisoma ukurasa kwa ukurasa. Karibu na mwisho kulikuwa na mchoro wa spika na gari. Waya mmoja wa spika ulichorwa umeshikishwa kwenye bati la gari, na juu ya mchoro wote walikuwa wamepiga msalaba mkubwa mweusi.

Nikamsomea Tata. Akacheka bila furaha.

"Redio zote za zamani tulizifunga vile," alisema. "Waya moja kwa spika, ya pili kwa chuma ya motokari. Hii mupya inasukuma nyaya zote mbili. Ukigusisha moja kwa chuma, unaiua."

Dereva alikuja mapema, saa nane hivi, na gari. Komanda alikuwa kwenye karamu mjini, alisema, na angetaka kuikuta imefungwa. Nilimsalimu, nikamwomba anionyeshe alivyounganisha spika. Aliinama chini ya kiti bila wasiwasi.

"Ya kuume iko na nyaya mbili, ile ilikuja nayo. Ya kushoto waya ilikuwa fupi, haikufika. Basi nilifunga moja kwa chuma, vile tunafanyaka siku zote." Kisha akaona uso wangu. "Juu ya nini unaniangalia vile, mama?"

Nikamweleza. Nilimwonyesha mchoro wenye msalaba. Alikaa chini kwenye kizingiti cha gari, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Yule mutu wa mjini," alisema. "Ye hakukosa."

"Hakukosa."

"Mi nilimuambia komanda, ampli ni mbovu. Mi mwenyewe nilimuambia." Akaninyanyulia macho. "Mama, usimuambie. Bibi yangu amezaa, mutoto hata hajamaliza mwezi. Mi niliona ile karatasi jana, vile tata aliishika. Sikusema kintu."

Hakulisema kwa kunitisha. Alilisema kama mtu anayeonyesha kwamba amekuja na mikono mitupu. Lakini lilinitisha. Nikamjibu kwamba sina haja ya kusema; tutaweka waya mpya sasa hivi, na Komanda atakuta gari limefungwa kama lilivyokuwa. Tulikuwa na waya wa simu wa zamani wa Tata, mnene, mzuri. Dereva akatoa kiti cha nyuma akakiweka chini, mbele ya ngazi zetu, akaling'oa na zulia. Mimi nikajiingiza ndani, nikalala chali nikipitisha waya chini ya sakafu kuelekea juu ya paa.

Nilikuwa nimefika katikati niliposikia gari la pili. Nilijua ni nani kwa jinsi dereva alivyoacha kupumua.

"Nani alikupa ruhusa ya kuvunja motokari yangu?"

Nilitoka kinyumenyume, vumbi nywele zote. Komanda alikuwa amesimama karibu na jipu la askari, ameshika glavu zake. Alitazama zulia, kiti, nyaya zilizoning'inia mlangoni.

"Muzee!" aliita kuelekea barazani. "Ulisema itapona. Hii ni nini?"

"Ni mi niliwatuma, komanda," Tata alisema. Akainuka. Alizijua ngazi zetu tatu kuliko alivyojua viatu vyake, na alizishuka kama mtu mwenye macho, ameinua kichwa, akija kunikinga. Kiti cha gari kilikuwa chini palepale. Nilipiga kelele nikiwa nimechelewa. Alikikanyaga, akaenda mbele kwa mikono, na miwani ikaruka mbali.

Nikamkimbilia, lakini Komanda alifika kwanza. Alichuchumaa mbele yake. Tata alikuwa amepiga magoti, akipapasa mchanga kutafuta miwani iliyokuwa wazi kabisa, karibu na goti lake. Komanda alimtazama akitafuta. Kisha akapitisha kiganja mbele ya uso wake, polepole, huku na huku.

"Usipitishe mukono," Tata alisema. "Nasikia upepo yake. Siko naona, komanda. Mwaka wa tatu sasa. Kazi yote ni huyu mutoto wangu mwanamuke njo anaifanya."

Jirani alikuwa dirishani. Watu waliokuwa wakipita walikuwa wamesimama barabarani. Nilimwinua Tata, nikamfuta magoti, naye akaniachia nimfute, kitu ambacho hakuwahi kuniachia.

Komanda akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama.

"Basi ni wewe, sitwayene. Niambie nini iliiua."

Nilikuwa na uongo tayari. Ningeweza kusema joto, ningeweza kusema vumbi la shimo la mgodi. Nikamfikiria yule mtu aliyekuwa kasho, ambaye sikuwahi hata kumwona, nikajikuta nikisema kweli. Nilisema spika ya kushoto ilifungwa kwa mtindo wa zamani, mtindo ambao sisi sote tuliuzoea, hata mimi ningeifunga hivyo, na kwamba ampli hii mpya haiwezi kuustahimili. Nilisema fundi wa mjini hakuwa na kosa.

"Nani aliifunga?"

Niliinama kukusanya nyaya.

"Nauliza nani."

"Ni mi, komanda," dereva alisema.

Komanda hakumpiga. Ningependa kusema kwamba nilifurahi kwa hilo, lakini jinsi alivyomtazama ilinitia hofu zaidi. "Maliza," aliniambia. Nikaingia tena chini ya sakafu na kumaliza, nikifunga ncha moja mara nne. Dereva akarudisha kiti na zulia. Ampli ikawekwa chini ya kiti cha mbele.

"Ingieni bote," Komanda alisema. "Na muzee. Tunaenda mpaka mjini na kurudi, na sauti yote. Ikikufa njiani, munashuka kule na mulale kule, bote tatu."

Tukapanda. Dereva aliendesha, Komanda pembeni yake, Tata na mimi nyuma. Nilijiinamia nikaingiza mkono chini ya kiti, kiganja juu ya mapezi ya ampli. Kaseti ikaingia. Komanda akazungusha kitufe hadi kikakataa.

Sijawahi kusikia sauti kama ile nikiwa ndani yake. Paa lote lilitetemeka. Watu walitoka milangoni. Kando ya lile shimo kubwa la mgodi wanawake waliobeba beseni walisimama na kuanza kucheza, wakidhani sherehe imeanza mapema. Mimi nilikuwa nikihesabu joto. Mwanzoni mapezi yalikuwa vuguvugu. Tulipofika bariera, kizuizi cha askari barabarani, yalikuwa kama sufuria iliyotoka motoni muda mrefu. Tulipouona mji nilikuwa nikibadilisha vidole, kimoja baada ya kingine, kwa sababu hakuna kilichoweza kukaa. Nilisogeza mdomo sikioni mwa Tata.

"Inachoma."

"Muambie apunguze," alisema.

"Tata!"

"Muambie."

Nikapaza sauti. Hakusikia. Nikapaza tena. Mwishowe nikanyoosha mkono, nikamgusa komanda wa askari begani. Aligeuka upesi sana. Macho ya dereva yalikuwa kwenye kioo, makubwa.

"Komanda, punguza!" nilipiga kelele. "Inapata moto kupita! Na zulia inaifunika, haipumui! Uiondoe!"

Kwa muda nilidhani nimejiangamiza mimi na baba yangu. Kisha akashika kitufe, akakirudisha robo. Akainama yeye mwenyewe, akavuta zulia lile kutoka chini ya miguu yake, akalitupa nyuma, juu ya magoti yangu. Tukazunguka mjini, tukarudi Musonoi. Pande zote mbili ziliimba hadi mlangoni kwetu.

Nilipokuwa nikimshusha Tata, nilirudia kuhusu mtu wa mjini. Nilisema hakukosa, na kwamba anaweza kuachiwa. Komanda hakunijibu hilo.

"Kesho saa moja motokari inakuja kukuchukua," alisema. "Utakaa palepale, mukono palepale."

Hivyo Jumatatu, siku ya kwanza, mimi nilipita katika mji wote wa Kolwezi ndani ya gari la Komanda, nimejikunja kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka, na wachezaji nyuma yetu wakiimba na mkubwa akipunga mkono. Sikumwona mkubwa. Niliona zulia na viatu vya dereva. Ampli haikukatika hata mara moja.

Siku iliyofuata fundi wa mjini aliachiwa. Alikuja kwetu kwa miguu, amekonda, akamshukuru Tata, naye Tata akamwelekeza kwangu kwa kidole. Baadaye mtu wa reli alituletea transista kutoka Lubumbashi, na Tata akapata jioni zake tena. Wateja wengine walituacha waliposikia habari za macho yake. Wengi walibaki. Mteja akija, Tata alisema tu, "Ongea na ye," akaendelea kukaa.

Lakini hayo ya wateja yalikuja baadaye. Kwa siku mbili baada ya sherehe Tata hakunisemesha kabisa. Nilidhani amenikasirikia kwa ajili ya siri yake, kwamba mtaa wote ulimwona akipapasa mchanga. Siku ya tatu, tukiwa mezani, aliniuliza ghafla:

"Uso wake ulikuwa namna gani? Ya komanda. Pale ulimugusa bega."

Nikafikiri. "Alikuwa kijana, Tata. Mimi nilimzidi miaka kidogo. Na aliogopa."

"Sauti yake ilikuwa ya mutu muzima," Tata alisema, na hakuliongelea tena.

Dereva aliingizwa kasho siku ileile fundi alipotoka. Alikaa humo siku kumi na moja, akatoka bila kazi. Nilipeleka unga kwao mara mbili. Mke wake aliupokea mlangoni bila kunikaribisha, mtoto mchanga mgongoni. Nilikuwa nimemtoa mtu mmoja na kumwingiza mwingine, na sikuweza kujieleza kwa namna ambayo ingembadilishia hesabu hiyo. Mwisho wa mwezi nikasikia wanahamia Mutshatsha, kwa ndugu za mke, kulima.

Nilikwenda kwenye gare, kituo cha treni. Walikuwa wameshapanda, wamekaa na godoro lao na sufuria zao. Dereva aliponiona alishusha kioo cha dirisha. Alikuwa amenyoa kichwa na shavu moja lilikuwa bado limevimba.

"Nisamehe," nilimwambia.

"Mama, ungenyamaza juu ya ile waya, ingekufa mbele ya mukubwa," alisema. "Tungeingia bote. Na tata." Akatoa mkono dirishani, nikaushika.

Nilimtazama mke wake. Alikuwa akimfunga mtoto upya, akivuta kitenge na kukikaza, akakifungua, akakikaza tena. Treni ilipoanza kuondoka dereva alinipungia. Mke wake aliendelea kukitazama kile kitenge hadi behewa likapita nguzo ya mwisho.